Kabla hujanunua mfuko wa mbolea ya CAN: mwongozo wa naitrojeni kwa kahawa ya jua na kahawa ya kivuli

Panda kutoka Moshi mjini kuelekea Kibosho au Machame, na ndani ya muda mfupi utakuwa umepita kahawa za namna mbili. Huku chini kuna mashamba makubwa, mistari mirefu ya mibuni inayopigwa jua sehemu kubwa ya siku. Juu zaidi ni vihamba: mibuni iko chini ya migomba, migomba iko chini ya miti mikubwa ya mfuruanje na mgrivea, na katikati yake kuna magimbi na majani ya ng'ombe. Mlima ni mmoja na kahawa ni arabika pande zote mbili, lakini njaa yake ya naitrojeni, kirutubisho kikuu kilichomo kwenye CAN, haifanani hata kidogo. Pamoja na hayo, ushauri unaozunguka vijijini ni ule ule kwa wote: mifuko miwili ya CAN kwa ekari. Mwenye kihamba chenye kivuli kizito akiufuata anatupa hela. Mwenye shamba la jua lililobeba sana akiufuata, huenda mibuni yake ikabaki na njaa.

Mwongozo huu ni wa mibuni ambayo tayari inazaa. Miche na mibuni iliyokatwa upya ina hesabu yake. Mfano wangu mkuu ni Kilimanjaro, na pale ratiba inapobadilika nitataja wilaya za Mbinga (Ruvuma) na Mbozi (Songwe).

Hatua ya kwanza: pima mwanga

Anza na mwanga kwa sababu ndio unaoamua mengine yote. Mbuni hutoa maua kwenye vifundo vya vitawi vilivyokua msimu uliopita, na kadiri vitawi hivyo vilivyopata mwanga ndivyo maua yanavyokuwa mengi. Maua mengi ni matunda mengi, na matunda ndiyo yanayokula naitrojeni.

Kuna jambo jingine ambalo mkulima wa shamba la jua lazima alijue. Tunda la kahawa likishashika vizuri, mti haulitupi kirahisi. Naitrojeni ikipungua udongoni, mbuni huanza kuinyonya kutoka kwenye majani yake wenyewe ili kulisha matunda. Majani ya zamani yanapauka na kudondoka, vitawi vinakauka kuanzia nchani, mizizi midogo inakufa, na matunda yaliyobaki yanaiva kabla ya wakati yakiwa mepesi. Mwaka unaofuata mti hauna kitawi cha kuzalia. Wengi wanaiita laana ya kahawa, mwaka wa neema na mwaka wa njaa. Kwa sehemu kubwa ni upungufu wa chakula kwa mti uliobebeshwa kuliko uwezo wake.

Kupima hakuhitaji kifaa. Chagua siku ya jua, kati ya saa tano na saa saba mchana. Tembea kwa mshazari shambani na usimame kwenye mibuni 20. Kila mmoja angalia kilele chake: kinapigwa na jua moja kwa moja, au kimefunikwa na majani ya miti na migomba? Kilichofunikwa nusu hesabu nusu. Ukipata chini ya mibuni minne iliyofunikwa, una shamba la jua. Kati ya minne na tisa ni kivuli cha wastani. Ukifika kumi au zaidi, kivuli ni kizito, na kazi yako ya kwanza ni panga na msumeno, si mbolea. Punguza migomba iliyosongamana hadi kila shina libaki na miche mitatu ya rika tofauti, kisha pandisha matawi ya chini ya miti mikubwa. Kivuli cha theluthi moja hivi kinatosha arabika.

Ukiweka naitrojeni nyingi kwenye kivuli kizito utaona majani makubwa, laini, ya kijani kilichokolea, na maua ya kuhesabika. Wengi hudhani mti wa namna hiyo una afya. Una majani tu, na majani laini kwenye unyevunyevu ni makao mazuri ya ugonjwa wa kutu ya majani.

Hatua ya pili: jua udongo wako una uchachu kiasi gani

Chukua sampuli mwishoni mwa kiangazi, kabla ya kuweka mbolea yoyote. Pita shamba kwa zigizaga, chimba sehemu 10 hadi 15 chini ya mibuni, kina cha sentimita 30, na kila mahali chota kiasi kilekile. Usichote palipolala lundo la samadi wala palipochomwa taka. Changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, toa nusu kilo, anika kivulini, weka kwenye mfuko wenye jina lako, kijiji na tarehe. Sehemu ya jua na sehemu ya kivuli ziwe na mifuko tofauti hata kama zimepakana. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa pale Lyamungo hupima udongo, kadhalika kituo cha Mlingano mkoani Tanga na Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Ukishindwa vyote, omba afisa ugani akupimie angalau pH, yaani kipimo cha uchachu; kadiri inavyoshuka ndivyo uchachu unavyozidi.

Kahawa hupenda pH kati ya 5.5 na 6.5. Ikishuka chini ya 5, alumini na manganizi huanza kudhuru mizizi, na mizizi iliyodhurika haifaidi mbolea hata ukimwaga gunia zima. Hapo tangulia na chokaa ya kilimo au dolomaiti. Dolomaiti ina magnesi ndani yake, kwa hiyo naipendelea kwa kahawa. Iweke mwezi mmoja au zaidi kabla ya mbolea ya naitrojeni. Ukichanganya chokaa na mbolea ya Urea au SA (salfeti ya amonia) kwa siku moja, naitrojeni hugeuka hewa ya amonia na kupotea. Harufu ile kali unayoisikia ni hela yako inaondoka.

Hatua ya tatu: hesabu mzigo wa mti

Tani moja ya kahawa safi (iliyokobolewa) huondoka shambani na naitrojeni kiasi cha kilo 35, ukijumlisha na ya maganda yake. Kilo moja ya kahawa safi hutoka kwenye kilo sita hivi za matunda mabivu. Kwa hiyo kila kilo ya matunda hubeba gramu 6 hivi za naitrojeni. Juu ya hapo mti unahitaji kukuza vitawi vya mwaka ujao, na katika mbolea unayoweka, chini ya nusu ndiyo inayoingia mtini. Nyingine huzama na maji, hupaa, au huliwa na magugu. Ndiyo maana nazidisha mara mbili na nusu, na kupata kanuni rahisi ya kukumbuka:

kilo za matunda mabivu kwa mti × 15 = gramu za naitrojeni kwa mti kwa mwaka.

Majibu ya maabara yakisema tofauti, fuata maabara.

Ili ujue mti wako unatoa kilo ngapi, huna haja ya kupima kila siku ya mchumo. Chukua stakabadhi zako za chama cha msingi, jumlisha kilo za kahawa ya maganda (kavu, isiyokobolewa) ulizopeleka msimu mzima, gawa kwa idadi ya mibuni, kisha zidisha kwa tano. Aliyepeleka kilo 200 kwa mibuni 500 amepata kilo 0.4 kwa mti, yaani kilo 2 za matunda.

Sasa tazama tofauti. Mbuni wa kivulini unaotoa kilo 1 ya matunda unahitaji gramu 15 za naitrojeni kwa mwaka. Mbuni wa juani unaotoa kilo 3 unahitaji gramu 45, na ule wa kilo 5 unahitaji gramu 75. Hii ndiyo sababu siwezi kukubaliana na ushauri wa mifuko kwa ekari.

Usitumie mavuno ya mwaka jana peke yake. Subiri maua yaishe na vitunda viwe na ukubwa wa kichwa cha kiberiti, kisha linganisha vitawi na unavyokumbuka vya mwaka jana. Mzigo ukiwa mkubwa zaidi, ongeza kwenye awamu zinazofuata. Ukiwa mdogo, punguza, ila usiache kabisa, kwa kuwa huu ndio mwaka ambao mti unajenga vitawi.

Hatua ya nne: toa kile ambacho tayari unacho

Hapa ndipo mwenye kihamba anapomshinda mwenye shamba la jua, na wengi hawajui utajiri walio nao.

Debe moja la samadi iliyooza vizuri, yenye unyevu wa kawaida, lina uzito wa kilo 10 hivi. Ukiondoa maji inabaki nusu, na katika hiyo nusu naitrojeni ni asilimia 1.5 kwa makadirio, sawa na gramu 75. Haitoki yote kwa mara moja. Mwaka wa kwanza mti utapata sehemu ya tano hadi theluthi, yaani gramu 15 hadi 25, na iliyobaki itaendelea kutoka kidogo kidogo miaka inayofuata. Rudi kwenye mbuni wa kivulini wa kilo 1: debe moja kwa mwaka limemaliza hesabu yake. Huyo hahitaji CAN.

Lakini iwe samadi kweli. Nenda nyuma ya banda la ng'ombe uangalie sakafu. Kama ni udongo mtupu wenye mteremko, na mkojo unachuruzika kuelekea kwenye mfereji, basi sehemu kubwa ya naitrojeni na potasiamu inaenda kwa jirani wa chini, maana ng'ombe hutoa vitu hivyo kwa wingi kupitia mkojo. Tandika majani makavu ya migomba au mabua ya mahindi chini ya ng'ombe yanyonye mkojo, yakishalowa yaondoe na kuyalundika, kisha funika lundo kwa majani ya migomba ili lisipigwe jua wala mvua. Samadi iliyoanikwa juani miezi mitatu ina rangi ya samadi na uzito wa samadi, lakini sehemu kubwa ya naitrojeni yake imekwisha kupaa.

Miti ya kivuli nayo ina hesabu, ila si yote. Mfuruanje ni jamii ya mikunde. Mizizi yake huishi na bakteria wanaokamata naitrojeni ya hewani. Mgrivea si mkunde. Unatoa kivuli, mbao na kuni, na majani yake yanafaa kwa matandazo ingawa yanachelewa kuoza, lakini haukuletei naitrojeni mpya. Nimeona mashamba ambayo mfuruanje umekatwa wote na kupandwa mgrivea kwa sababu ya mbao. Kivuli kimebaki, mbolea ya bure imeondoka.

Ukitaka kujua kama mkunde wako unafanya kazi, fukua taratibu mizizi midogo ya mche wakati wa mvua, tafuta vinundu, ukate kimoja kwa kucha. Kikiwa chekundu au cha waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cha kijani au cheupe, hakikusaidii kwa wakati huo. Elewa pia kwamba mkunde hujilisha kwanza wenyewe. Mbuni hupata sehemu yake majani yakidondoka au matawi yakipogolewa. Kwa hiyo pogoa mwanzoni mwa mvua, tandaza majani chini ya mibuni, na kuni peleka nyumbani. Costa Rica wamekuwa wakifanya hivyo kwa muda mrefu kwa mti uitwao Erythrina poeppigiana, unaopogolewa hadi mara mbili kwa mwaka ndani ya kahawa. Huko Turrialba, taasisi ya CATIE ilianzisha mwaka 2000 jaribio la muda mrefu la kulinganisha kahawa ya jua na ya chini ya miti mbalimbali, kwa viwango tofauti vya mbolea.

Maganda ya kahawa yasiachwe kiwandani. Karibu asilimia 40 ya uzito wa tunda ni ganda la nje, na lina naitrojeni na potasiamu nyingi. Lirudishe, lioze miezi kadhaa ukilichanganya na samadi, ndipo uliweke. Likiwa bichi huchemka na kuunguza mizizi. Mabua ya mahindi na makapi ya kukoboa ni kinyume chake: hayana naitrojeni ya kutosha, na ukiyafukia, vijidudu vinavyoyaozesha vitakopa naitrojeni ya udongo na kuuacha mbuni na njaa kwa muda. Yatandaze juu tu, usiyafukie.

Hatua ya tano: chagua mbolea

Kilichobaki baada ya kutoa hatua ya nne ndicho unachonunua. Ukinunua, linganisha bei ya kilo ya naitrojeni, si bei ya mfuko. Mfuko wa kilo 50 wa Urea una kilo 23 za naitrojeni (asilimia 46). CAN ina kilo 13 hivi (asilimia 26), na SA ina kilo 10.5 (asilimia 21).

Urea ndiyo ya bei nafuu zaidi kwa kilo ya naitrojeni katika maduka mengi, lakini ndiyo inayopotea haraka ikiachwa juu ya ardhi. CAN haichachui sana udongo na ina kalisi. Kwa kahawa ya jua ndiyo chaguo langu la kwanza. SA ina salfa, na ina faida pale salfa inapopungua, lakini kwa kiasi kilekile cha naitrojeni huongeza uchachu karibu mara tatu ya Urea. Kama pH yako imeshashuka hadi 5, achana nayo.

Kwa mbuni wa juani wa kilo 3 uliopata debe la samadi lenye gramu 20, zimebaki gramu 25. Kuzipata kwa CAN zidisha kwa 4: gramu 100 kwa mwaka. Kwa Urea zidisha kwa 2.2: gramu 55. Asiye na samadi kabisa atahitaji gramu 180 za CAN kwa mti huohuo. Kwa nafasi ya mita 2.7 kwa 2.7 ekari huingia mibuni 550 hivi, kwa hiyo ni takribani mifuko miwili. Ushauri wa kijijini kumbe ulikuwa sahihi, ila kwa shamba hilo moja tu.

Usisahau potasiamu. Matunda ya kahawa huondoka na potasiamu nyingi kuliko naitrojeni, na kwenye kihamba mikungu ya ndizi inayopelekwa sokoni huondoka na nyingine. Naitrojeni ikiongezwa peke yake miaka mingi, utaona majani ya zamani yakiungua pembeni. Awamu moja kwa mwaka tumia NPK (mbolea yenye naitrojeni, fosforasi na potasiamu), na majani ya migomba yabaki shambani.

Hatua ya sita: kuweka

Gawa kiasi cha mwaka mara tatu. Kilimanjaro: awamu ya kwanza vuli ikishashika, ya pili mwanzoni mwa masika, ya tatu mwezi Mei kabla mvua hazijakatika. Mbinga na Mbozi, kwenye msimu mmoja wa mvua, ni Desemba, mwisho wa Januari na Machi. Kwenye kivuli, ambako kiasi ni kidogo, awamu mbili zinatosha. Sababu ya kugawa ni kwamba naitrojeni ikishageuka nitrati haishikwi vizuri na udongo. Mvua kubwa ya Aprili huishusha chini ya mizizi, na hatimaye hufika kwenye chemchemi na mifongo (mifereji ya maji) ambayo wenzetu wa chini wanakunywa.

Usiweke kwenye vumbi, wala saa chache kabla ya mvua ya mafuriko. Chimba kwa kidole: udongo uwe umelowa hadi urefu wa kiganja.

Kipimo kiwe kikopo kimoja kwa kazi nzima. Nenda nacho dukani, weka gramu unazotaka kwenye mizani, mimina kikoponi, kisha weka alama ya msumari pale zilipofika. Mkono wa asubuhi na mkono wa saa nane haiwi sawa, na mibuni ya mwisho wa mstari ndiyo inayopunjwa.

Sogeza matandazo pembeni. Nyunyiza kwa duara kuanzia sentimita 30 kutoka shinani hadi pale vitawi vinapoishia; mizizi mingi inayokula iko hapo, ndani ya sentimita 30 za juu. Usirundike shinani. Penye mteremko weka zaidi upande wa juu. Usilime kwa jembe kufukia, utakata mizizi hiyohiyo. Kwaruza kidogo kwa reki au uma, kisha rudisha matandazo. Kwa Urea hili la kufunika ni lazima, hasa kivulini, kwa sababu majani yanayooza yana kimeng'enya kinachoigeuza Urea kuwa amonia haraka. Urea iliyotupwa juu ya majani makavu hupungua siku hadi siku kabla mbuni haujaigusa.

Palilia kwanza. Magugu hunyonya mbolea upesi kuliko mbuni.

Hatua ya saba: soma majani baada ya wiki sita

Simama upande wa jua wa mbuni, angalia majani ya katikati ya kitawi chenye matunda. Yakiwa yamepauka jani zima, kuanzia ya zamani, mzigo umeshinda naitrojeni. Ongeza awamu ijayo. Majani ya zamani yakiwa manjano kati ya mishipa, ni magnesi. Machanga yakiwa manjano na mishipa ya kijani, ni chuma, na mara nyingi pH imepanda au maji yametuama. Machanga yakipauka jani zima, fikiria salfa. Katika hali hizo tatu za mwisho CAN zaidi haitasaidia.

Mti wa juani uliolishwa vizuri hustahimili jua. Majani yenye naitrojeni ya kutosha hayaungui kirahisi. Kwa hiyo anayetaka kuondoa kivuli ili avune zaidi, aanze na bajeti. Mwaka anaokata miti ndio mwaka ambao samadi haitatosha tena, na mavuno makubwa ya kwanza huja kabla hajazoea kununua. Ningemshauri akate kwa awamu: theluthi ya shamba mwaka huu, aone kama anamudu mbolea ya awamu zote tatu bila kukopa. Akimudu misimu miwili mfululizo, aendelee na theluthi ya pili. Asipomudu, aache mifuruanje iliyobaki na apande mingine kwenye sehemu aliyokata, mita 10 hadi 12 kati ya mti na mti.